Niliziba Mfereji wa Mama Manka

Naungama kwenu, maana mchungaji aliyenituma bado hajasikia.

Mimi ni mwinjilisti, mtu wa mlimani, nafungua kanisa kwenye kitongoji cha mtoni, chini ya Chekereni. Jumapili nilikuwa na waumini watatu wa kubatiza, wa kwanza kabisa. Mtoni kuna mamba, kwa hiyo alfajiri niliziba mfereji wa mashamba kwa viroba vya mchanga, maji yakanifika kiunoni.

"Umemwomba mgawa maji?" muumini mmoja akaniuliza.

"Maji ni ya Mungu," nikamjibu, nikajiona nimehubiri.

Nikiwa nambatiza yule wa pili, watu wakaanza kuja wakifuata mfereji, wanne, kisha kama ishirini, kimya, majembe mabegani. Nikajua uamsho umefika. Nikapaza sauti: "Aliyeguswa asogee mbele."

Wakasogea wote.

Mama Manka, mjane mwenye kijaruba cha mpunga kule chini, akaingia majini hadi mbele yangu. Nikainua mkono nimbatize.

"Shusha mkono, mwinjilisti," akasema taratibu. "Zamu yangu ya maji nimeingoja siku kumi. Ndiyo hiyo umesimama ndani yake."