Nyuzi Nne Kutoka Busi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, tukiwa ofisini kwetu Kikuyu, nesi Zaituni wa zahanati ya Busi alipopiga simu akasema friji ya chanjo ina joto. Nikatazama kioo cha kompyuta. Friji ya Busi, nyuzi nne. Baridi safi kabisa.

"Nesi, huku inaonyesha nne."

"Kaka, nimeingiza mkono mwenyewe. Kina mama wako kwenye benchi na watoto. Niwachome au nisiwachome?"

Nikamwambia asichome.

Programu ya kupokea vipimo niliandika mimi. Ya kidude kilichofungwa ndani ya friji kupima joto na kututumia vipimo aliandika mwenzangu Elia. Tukaanza kurushiana maneno, ujana huo. Mkuu wetu, Mzee Chidawali, hakutusikiliza. Alichukua ujumbe uliotoka Busi akaupanga ubaoni, namba kwa namba. Programu yangu ilikuwa sawa. Ya Elia nayo sawa. Hapo ndipo nilipozidi kuogopa.

Kumbe kompyuta yangu, kwa ilivyoundwa, huacha nafasi tupu kwenye kumbukumbu ili namba kubwa ikae panapoifaa. Kidude hakiachi; hupanga namba zikifuatana bila pengo, nasi tulikuwa tukizituma na kuzisoma vile vile zilivyokaa kwenye kumbukumbu. Basi kwangu kila kitu kilikuwa kimesogea, na pale nilipotarajia joto nilikuwa nasoma betri. Betri ya volti nne. Tangu tukifunge kidude kile, sikuwahi kuona joto la friji hata mara moja. Watoto waliokwisha kuchanjwa ilibidi waitwe upya, mama zao waache mashamba.

"Mlijaribia wapi?" mzee akauliza.

"Kwenye laptopu yangu, mzee. Programu zote mbili."

"Yaani mashine imejiuliza, ikajijibu, nyie mkapiga makofi."

Hakupandisha sauti. Afadhali angefoka.

Kwa hiyo, mwanangu, usichote kumbukumbu ya mashine yako ukaituma kama ilivyo. Kaa na mwenzako mkubaliane kila namba inaanzia wapi na ina ukubwa gani. Zitume moja moja, naye azisome vivyo hivyo. Halafu kajaribu kwenye kidude chenyewe. Kipashe joto uone kama namba inapanda. Namba nzuri isiyobadilika iogope.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako. Na siku utakapokosea, maana utakosea tu, akujalie mtu wa kuingiza mkono kwenye friji kabla hajashika sindano.