Kahawa Inayopima Bangi

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na kwa elimu yangu yote, kwamba mtu aliyevuta bangi hata mara moja, hata kama ni miaka thelathini iliyopita, hata kama tangu hapo ametubu na kuwa katekista, akitafuna akamwani atashikwa na kwikwi papo hapo.

Akamwani ni ile kahawa yetu inayochumwa kabla haijaiva sawasawa, ikachemshwa na majani ya kunukia, ikaanikwa na maganda yake hadi ikakauka. Ukiingia nyumba ya Mhaya, kabla hujaulizwa habari za ulikotoka, kikapu kidogo kinapita mbele yako. Unachukua punje mbili tatu, unatafuna, ndipo mazungumzo yanaanza. Ukikataa, umemkataa mwenye nyumba, mke wake, migomba yake na marehemu wote waliozikwa katika shamba hilo.

Uvumi wenyewe ulizaliwa wakati wa kampeni za udiwani. Sisi tulikuwa na mgombea wetu na wenzetu walikuwa na wa kwao. Siwataji, maana wote wawili bado wananyolewa kwangu na wote wawili wana deni la shukrani kwa jinsi ninavyowaficha vipara. Upande wetu ulikuwa umesikia kwamba mgombea wao alivuta bangi akiwa kijana, na sasa alikuwa anapanda jukwaani kuwakemea vijana wanaovuta. Tulilisema hilo kila mahali. Halafu siku moja yule bwana akakaribishwa akamwani nyumbani kwa mzee mmoja, mbele ya watu kama mia mbili (mimi nilikuwa nasema elfu mbili), akafungua mdomo kusema "Ndugu zangu," ikatoka kwikwi. Akajaribu tena: "Ndugu..." Kwikwi. Inasemekana ilisikika mpaka Karagwe.

Kufika jioni, mji mzima ulishajua: kahawa imemuumbua.

Nikiri kwamba mimi ndiye niliyeupa uvumi huo miguu ya kisayansi. Nilisoma sekondari kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu, nimekaa dawati moja na mwanamke ambaye mjukuu wake alikuwa darasa la pili. Katika Baiolojia nilipata alama ya kupita kwa kujikwaa, lakini niliibeba kama shahada ya udaktari. Kibanda changu cha kunyoa pale Nyanga kikageuka chuo kikuu.

"Moshi wa bangi," nilikuwa nafundisha, wembe mkononi, "hautoki mwilini. Unashuka unakaa chini ya kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Miaka yote umelala hapo. Sasa akamwani ikishuka inauamsha, unataka kutoka, kiwambo kinaruka. Ndiyo kwikwi hiyo."

Hakuna aliyebisha. Nani anabishana na mtu aliyeshika wembe shingoni mwake?

Alibisha mmoja tu. Alikuwa mtu wa upande wao, mwenye sauti ya mnada, naye alikuwa baba mdogo wa binti niliyekuwa nimemchumbia. Kila Jumamosi alikuja kunyolewa na kunichokoza.

"Kinyozi, wa kwenu je? Yeye alikuwa anavuta ubani?"

"Wa kwetu ni mtu safi, baba mdogo. Geuza kichwa."

"Safi! Nimesoma naye. Alikuwa anajifungia chooni, moshi unatokea dirishani kama wanachoma tofali."

"Basi atafune akamwani hadharani tuone."

Mungu hana haraka, ila anasikia. Haikupita wiki mbili, mgombea wetu akapita Kagondo nyumba kwa nyumba, akatafuna kila alipokaribishwa, na alipofika kwenye mkutano akashikwa na kwikwi mbaya kuliko ya mwenzake. Ilibidi apewe maji, akainamishwa, akapigwa mgongoni na katibu wake.

Jumamosi iliyofuata baba mdogo aliingia kibandani bila hata kusalimia. Alisimama tu mlangoni akafanya kwikwi ya kuigiza, mara tatu, kwa utaratibu.

"Ile ni hewa ya ziwa," nikasema.

"Hewa ya ziwa."

"Halafu hata kama, ujana ni ujana. Wa kwenu alivuta. Wa kwetu alionjeshwa."

Wateja walicheka hadi mmoja akakatwa sikio kidogo. Mimi sikucheka. Nililisema lile neno kwa dhati kabisa, kama mtu anayesoma katiba. Leo nikilikumbuka naona aibu, lakini naona pia kwamba wale wa upande wa pili nao walikuwa wanasema vilevile, neno kwa neno, katika kibanda kingine upande wa pili wa barabara. Kwao, bangi ya mtu wao ilikuwa ujana, na bangi ya mtu wetu ilikuwa tabia. Na kinyume chake, kutegemea umekaa benchi lipi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wateja wangu hawakulijua.

Kabla ya unyozi nilifanya biashara ya dagaa katika visiwa vya Muleba. Siku moja mchana, tukisubiri dagaa wakauke, wavuvi walinipa msokoto. Nikavuta mara tatu. Nikakohoa mapafu yakataka kutoka kutazama ziwa. Kisha nikakaa saa nzima nikimwomba radhi mbuzi wa kambi, nikiwa na hakika kwamba ni mwalimu wangu wa hesabu. Sikurudia tena. Lakini kwa sayansi yangu mwenyewe, moshi wa ile mivuto mitatu ulikuwa bado umelala chini ya kiwambo, unasubiri kahawa.

Kwa hiyo tangu uvumi uanze, miezi minne, mimi Mhaya wa kuzaliwa sikutafuna akamwani. Nilikuwa na jino. Jino hilo halikuwahi kuuma hata siku moja, lakini nililifunga kitambaa, nililisukutulia maji ya chumvi hadharani, na mama mmoja wa jumuiya alilitolea nia ya misa.

Jino lingenisaidia popote isipokuwa mahali pamoja. Nilikuwa natakiwa kwenda Rubafu kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu. Huko hakuna jino. Mkwe mtarajiwa asiyetafuna akamwani ya ukweni arudi alikotoka na rubisi yake, ile pombe yetu ya ndizi. Na akitafuna akapata kwikwi, baba mdogo atakuwa amekaa palepale mbele yake.

Mchumba wangu aliniona nimekonda.

"Unamwogopa tata? Baba yangu ni mpole."

"Simwogopi tata."

"Unaogopa nini basi?"

Ningemwambiaje? Naogopa punje ya kahawa?

Tulikwenda Jumapili baada ya misa ya pili, mimi na mshenga wangu, madumu mawili ya rubisi yakitangulia. Nilipokewa vizuri. Baba yake, mtu wa maneno machache, alinikalisha kwenye kiti chenye kitambaa. Baba mdogo akajikalisha uso kwa uso na mimi, magoti yetu yakikaribia kugusana, akitabasamu kama mtu aliyekuja kutazama mpira. Kisha akaingia bibi mzaa baba, mwembamba, mgongo umepinda kidogo, na kikapu mkononi.

"Karibu, waitu," akasema kwa heshima. "Tafuna."

Nikawaza kwa haraka. Kama moshi unaamshwa na utamu wa kahawa kupita polepole, basi nikimeza mara moja bila kutafuna, kahawa itapita moshi haujazinduka. Baiolojia tupu! Nikachukua punje tatu, nikazitupia kooni, nikameza na maganda yake, nikashukuru.

Mshenga akaanza: "Tata, tumekuja..."

Kwikwi.

Ilitoka kubwa, ikanirusha kitini. Nikabana pumzi. Ikatoka ya pili, hii ikiwa na mlio kama wa bata.

Baba mdogo alisimama na mikono juu. "Kiwambo hicho! Si ulitufundisha mwenyewe, daktari? Kiwambo!"

"Nini tena?" aliuliza baba mkwe.

"Kaka, huyu ndiye aliyetangaza mji mzima kwamba mvuta bangi akila akamwani anapata kwikwi. Haya, mtazame! Binti yetu hatumpi mvuta bangi."

Jasho lilinitoka hadi kitambaa cha kiti kikaloa. Ningeweza kusema ni hewa ya ziwa. Neno lilifika ulimini kabisa. Lakini baba mkwe alikuwa ananitazama, hana hasira, anasubiri tu, na nikaona kwamba nikidanganya katika kiti kile nitaendelea kufunga jino kitambaa maisha yangu yote.

"Ni kweli, tata. Nilivuta. Mara moja, kisiwani, nilipokuwa nauza dagaa."

"Mara moja?"

"Mivuto mitatu." Kwikwi. "Nikamwomba radhi mbuzi."

"Mbuzi?"

Nikamweleza habari ya mbuzi. Sikuacha kitu, kwikwi zikiweka nukta. Huko nyuma ya mlango wa jikoni nilisikia mtu amebana kicheko akashindwa, nikajua mchumba wangu ameshasikia yote.

"Na ulikuwa unawasema wale wagombea?" baba mkwe akauliza.

"Mmoja nilimsema, tata. Wa pili nilimtetea."

"Kwa jambo lilelile."

"Kwa jambo lilelile."

Akamgeukia mdogo wake. "Na wewe?"

Baba mdogo akaketi. "Mimi pia nilimtetea mmoja," akasema, sauti ya mnada ikiwa imeisha.

Baba mkwe akavuta dumu moja la rubisi karibu na kiti chake. Akasema, "Aliyesema mwenyewe tunaweza kukaa naye. Mshenga, endelea."

Lakini mshenga hakuweza kuendelea kwa sababu nilikuwa bado napiga kwikwi. Ndipo bibi, ambaye wakati wote huo alikuwa amesimama na kikapu chake, akaniinamia.

"Mwanangu, ulizitafuna zile kahawa?"

"Hapana, bibi. Nilimeza."

"Na maganda?"

"Na maganda."

"Basi. Ganda kavu likimezwa linaleta kwikwi. Hao wagombea wenu wanapita nyumba kumi kwa siku, wanameza wawahi mkutano. Hata padri akimeza atapata. Kahawa haijui nani alivuta nini. Chukua nyingine, mkwe wangu, tema ganda, tafuna polepole."