Boljointi ya Upande Wake

Kubadilisha boljointi za pikapu ni kazi ya watu wawili, na mimi nilikuwa mmoja. Mmoja hukaa ndani akitikisa usukani. Mwingine hulala chini na kuweka kidole kwenye kile kifundo cha chuma kinachoshika gurudumu, asikie kama kimelegea. Kwa miaka kumi na minne, wa kukaa ndani alikuwa mke wangu. Jumapili ninayoisimulia alikuwa Uarabuni, akipika katika nyumba ya watu, na mkataba wake wa miaka miwili ulikuwa unaisha.

Ijumaa alinipigia simu. "Mzee, madamu anataka jibu Jumapili, kabla ya jioni. Niongeze miaka mbili ama nirudi. Wewe unasema nini?"

Nikamwambia tutaongea. Ujinga wangu ndio huo. Neno lenyewe lilikuwa rahisi: rudi. Lakini siku anaondoka nilijifanya dume, nikasema nenda tu, mimi si mtoto wa kukorogewa uji. Mtu aliyesema hivyo ataanzaje kulialia kwenye simu? Basi nikapata hila. Gari lilikuwa likigonga kila shimo, na mtu haendi uwanja wa ndege wa Entebe kumpokea mkewe na gari linalogonga. Nitalitengeneza, nimwambie kuwa nimelitengeneza, naye ataelewa mwenyewe kwamba ninataka kwenda kumchukua. Nilijiona nina akili sana.

Gereji sikwenda. Mafundi wa karibu na soko la Kalerwe, ninakopeleka kabichi na ndizi, ni watu wazuri, lakini kila wakiniona huuliza, "Mama anarudi lini?" halafu wananitazama. Nimechoka kutazamwa. Nikanunua boljointi mbili, maana huuzwa jozi, nikaliinua gari uani kwangu Kyebando. Nilianza na upande wa kulia, wa dereva: jeki, kisha rimu kuukuu chini ya chesi, gari lisije likanilalia. Siku hizi siogopi kufa. Naogopa kufa chini ya gari Jumapili na kuonekana Jumanne.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Nati ilitoka kwa matusi, na chuma chenyewe kikagoma. Nilishika nyundo kwa mikono miwili, nikapiga hadi jirani akazima redio yake, nadhani kwa huruma. Saa tano ndipo kilipochomoka. Nikakizungusha kiganjani: kigumu, hakichezi hata kidogo. Kilikuwa kizima! Asubuhi nzima nimevunja mgongo kutoa kitu kisicho na kosa. Kipya nikakifunga hata hivyo, kwa hasira.

Saa saba nikampigia, kwa sababu ndiyo saa ambayo madamu wake hulala.

"Natengeneza gari," nikasema.

"Gari iko na nini?"

"Boljointi. Nimetoa ya kulia, lakini nimekuta ni nzima."

Akacheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia kwa miezi. "Ya kulia? Banange! Ni upande yangu iko inagonga. Siku ile tunaenda eyapoti nilikuambia, kuna kitu inagonga chini ya miguu yangu. Wewe ulisikia?"

Sikusikia. Siku ile nilikuwa nimeng'ang'ania usukani, nimejikaza kisabuni. Na dereva husikia zaidi kelele za upande wake. Tangu hapo kile kiti cha kushoto kimekaliwa na kamba, turubai na jaketi la mvua, na hivyo havisemi. Gari limegonga chini ya kiti chake muda wote huo, wala hapakuwa na wa kuniambia. Niliona aibu, na nilimkumbuka sana.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilisikia maji yakitiririka kwenye sinki huko kwake.

"Nikimaliza kushoto," nikasema, "natia grisi."

"Sawa. Grisi ni muzuri." Akangoja. "Kitu ingine?"

"Hapana. Gari itakuwa sawa kabisa. Hata safari ya Entebe inaweza."

"Haya, mzee."

Nikahamishia jeki kushoto. Boljointi ya huko ilitoka kwa pigo la tatu la nyundo, ikalegalega kiganjani kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nilifurahi mno. Nilifanya kazi nikipiga mluzi, maana kwa mawazo yangu jambo nilikuwa nimeshalisema. Entebe nimeitaja, sasa anataka nini tena? Nikakaza nati, nikatia pini, nikajaza grisi, nikarudisha gurudumu. Nikaliendesha hadi barabara kubwa na kurudi, nikilipeleka makusudi kwenye mashimo. Halikugonga. Nikatoa turubai na kamba, nikafuta kile kiti kwa kitambaa chenye maji, hata pale chini pa kuweka miguu.

Nilipoingia ndani kunawa nikakuta ujumbe. *Nimeweka sahihi. Miaka mbili.*

Nilimpigia mikono ikiwa bado na grisi, simu ikiteleza. Ililia sana kabla hajaipokea.

"Rudi," nikasema, bila hata salamu. "Mimi nataka urudi. Nimechoka kukaa peke yangu."

Akaweka sufuria chini.

"Hiyo neno," akasema, "saa saba ilikuwa wapi?"

Nikasikia mtu akimwita kutoka chumba kingine, naye akaitikia kwa Kiarabu.