Upanga Ulioitwa Athieno

Siku moja ya ujana wangu naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu: siku niliyopeleka upanga wa babu kunolewa mjini Nagongera.

Usifikirie panga la kukatia migomba. Huu ni upanga wa kweli, mrefu, una ala ya ngozi, na jina lake ni Athieno. Nilijua ni jina la bibi, mama yake baba. Kwa nini upanga uitwe jina la bibi, sikuuliza. Kijana nilikuwa, nilidhani kuuliza ni ushamba.

Baba alikuwa amefariki, na kesho yake tungemaliza matanga. Nyumbani kwetu mrithi hukalishwa kwenye kigoda cha marehemu, akashikishwa Athieno mbele ya watu wote. Baba alikuwa amenitaja mimi. Lakini nilikuwa nimesikia senta, pale madukani, kwamba mdogo wangu Okoth, aliyekuwa akiuza mitumba Busia, anataka kipande cha shamba la mpunga kule bondeni. Nikakasirika. Nikautoa upanga, nikaona ni butu kabisa, hata ndizi mbivu usingeikata. Nikasema moyoni, Okoth lazima auone uking'aa. Nakwambia ukweli, ndivyo nilivyowaza. Nikaufunga kwenye mkeka, nikapanda boda, nikaenda kwa fundi.

Kesho yake watu wamejaa, sufuria zinachemka. Shangazi Apiyo ndiye aliyepaswa kunikabidhi upanga. Akauchomoa, akapitisha kidole, damu ikatoka.

"Nani amempa Athieno meno?"

"Mimi, Shangazi."

"Ulitaka amle nani?"

Okoth, ambaye tumbo lilikuwa limeshaanza kumtangulia, akasema, "Mimi, Shangazi. Ameona nimenenepa, anataka kunipunguza."

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika viti. Mimi sikucheka. Shangazi naye hakucheka. Akatueleza kwamba zamani babu aligombana na ndugu yake kwa ajili ya mpaka wa shamba, akachomoa upanga huu. Bibi akaenda kusimama katikati, mtoto mgongoni. Babu akashindwa kuupitisha. Jioni hiyo hiyo akakaa chini, akausugua kwenye jiwe mpaka makali yakaisha, kisha akaupa jina la mkewe.

"Huyo mtoto wa mgongoni alikuwa baba yenu," alisema. "Hakai mtu kwenye kigoda hiki mpaka Athieno arudi alivyokuwa. Ukishindwa, Okoth atakaa."

Basi nikapiga magoti mbele ya wageni, nikaanza kuusugua kwenye jiwe. Kazi ya kunoa ilikuwa fupi. Ya kufuta makali haikwisha. Jua linachoma, chakula kinanukia, na mzee mmoja kutoka Sop Sop anapaza sauti, "Kijana, ongeza mwendo, nyama inaungua!" Jiwe likakauka. Okoth akaja na jerikeni, akachuchumaa karibu yangu, akamwaga maji polepole.

"Kaka," akasema chini chini, "kile kipande nilitaka kukuomba nilime msimu mmoja tu. Biashara imekwama, watoto hawana chakula. Nimekuwa nikiogopa uso wako."

Mikono yangu ikasimama. Nilikuwa nimemnolea chuma mtu ambaye watoto wake wana njaa.

"Lima," nikamwambia. "Lima mpaka uchoke."

"Basi sugua, Kaka, na mimi nina njaa sasa hivi."

Hapo nikacheka, na machozi juu. Shangazi akaja akapitisha kidole tena, akaitikia kwa kichwa, akanikalisha kwenye kigoda. Tukala nyama iliyoungua kidogo.

Okoth alilima bondeni mpaka mavuno haya yaliyopita, tulipomzika. Nyumba ina kimya sasa. Siku nyingine namkumbuka na tumbo lake lile, nacheka peke yangu.

Mwanangu, nakushauri hivi. Neno ulilosikia senta kuhusu ndugu yako, lipeleke kwake mwenyewe, siku hiyo hiyo, kabla hujaliwekea hasira. Muulize anahitaji nini. Na ukipewa ukubwa nyumbani, angalia uso wako usije ukawafunga watu midomo. Watoto wa mdogo wangu walilala njaa kwa sababu baba yao aliniogopa mimi, na hilo hakuna jiwe la kulifutia.

Mungu akupe ndugu wa kukutania mbele ya watu na wa kukumwagia maji ukiwa umepiga magoti. Mpunga wako uzae, na mlangoni kwako asiogope mtu kubisha hodi.