Miaka ya Tutaangalia

Mwanamke aliyehamia nyumba ya jirani alimpongeza mke wangu kwa mtoto ambaye hatukuwa naye. Alikuwa ameona waya wetu wa nguo, nepi zimeanikwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, nyeupe, zimepangwa vizuri.

"Hongera, mama! Nasikia iko katoto kapya hapa?"

Mke wangu alikuwa na miaka hamsini na zaidi. Alisema asante, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani yangu karibu na dirisha na nilisikia kila neno. Zile nepi nilizishona mimi mwenyewe, kwa mashuka ya zamani, na aliyezivaa ni mimi.

Nilikuwa fundi cherehani Nyakabanda, mtaa wa Kigali. Kanzu za Idi, sare za shule, mashati ya watu wa ofisini, vyote vilipita mikononi mwangu. Mwaka 1990, kabla vita havijaanza, mkojo ulinizibia kabisa. Nikapelekwa hospitali tumbo limejaa kama ngoma, nikapasuliwa chini ya kitovu, tezi dume ikatolewa. Daktari alikuwa Mzungu mwenye nywele nyeupe, aliyezungumza Kifaransa taratibu ili nimfuate. Alinigonga bega akasema nitakojoa kama kijana. Miezi michache baadaye akaniita tena. Kipande walichokipeleka Ulaya kupimwa kilikuwa kimejibu: ilikuwa saratani.

"Lakini mmeshaitoa," nikamwambia.

"Tumetoa tuliyoiona. Iliyobaki, kama ipo, tutaangalia."

Hilo ndilo neno nililopewa badala ya uzima. Tutaangalia. Nilitoka nalo mle ndani, nikapanda nalo kilima, na tangu siku ile halikuniacha. Nikiumwa mgongo baada ya kushona kutwa nzima, mtu mwingine angesema ni uchovu. Mimi nilikaa kitandani nikijiuliza kama ni yenyewe imefika mfupani. Nikipungua mwili kwa kufunga Ramadhani, mke wangu aliniangalia kwa jicho la pembeni, nami nikajua anajiuliza jambo lilelile.

Na mkojo haukuwa wa kijana. Ulikuwa wa mtoto mchanga. Nikikohoa, umetoka. Nikiinama kumpima mteja urefu wa suruali, umetoka. Wateja wangu walikuwa na adabu, hawakusema kitu, ila walianza kusimama karibu na mlango. Baadaye wengine walipeleka vitambaa vyao kwa fundi wa barabara ya chini. Waliobaki walinipa neno la Kinyarwanda ambalo watu hapa humpa kila mwenye shida: ihangane, vumilia. Nilivumiliwa na nani mimi? Mtu akishakwambia vumilia, amemaliza kazi yake, anakwenda zake kula.

Msikitini nilimwendea imamu, nikamweleza faragha. Alinijibu vizuri, sina lawama naye. Akasema mtu wa hali yangu hutawadha kila wakati wa sala unapoingia, kisha huswali hata kama kinachotoka kinatoka, na Mungu hamkalifishi mja kwa asichokiweza. Nikashukuru. Lakini sheria ikikuruhusu haimaanishi aliyesimama begani mwako amekuruhusu. Nilianza kuswali safu ya mwisho, pembeni, karibu na viatu. Kisha nikawa naswali nyumbani.

Daktari Mzungu alinipa vidonge vya kuzima nguvu za kiume, kwa sababu ugonjwa huu, alisema, unajilisha kwa nguvu hizo hizo. Vilivimbisha matiti yangu. Nikajishonea mashati mapana. Vita vilipoanza mwezi wa Oktoba, wapiganaji walipoingia kutoka Uganda, familia yake ilisafirishwa, naye akafuata. Hakuniaga. Nilikwenda siku ya miadi nikakuta mlango wake umefungwa. Muuguzi akaniambia, "Amerudi kwao, muzee." Yeye alikuwa na kwao pa kurudi. Vidonge viliendelea kuja kwa kusuasua, mara vipo, mara havipo, halafu vikaisha. Damu yangu ilipopelekwa Ulaya kupimwa, majibu yalichelewa mpaka nikasahau ilichukuliwa mkono upi.

Aliyechukua nafasi yake alikuwa daktari kijana, Mnyarwanda aliyesomea Ubelgiji. Yeye hakunigonga bega. Alisoma faili langu lote mimi nikiwa nimekaa, kisha akalifunga.

"Mzee, sitakudanganya. Dawa hizi sitaweza kukuhakikishia. Kuna njia moja isiyohitaji dawa ya kutoka Ulaya."

"Ipi?"

Akaangalia chini. "Kutoa kende zote mbili. Kazi ya vidonge inafanyika mara moja, haihitaji kurudiwa."

"Na nitapona?"

"Itaulaza ugonjwa. Utalala kwa muda gani, sijui. Tutaendelea kupima."

Nilimwomba nafasi ya kufikiri. Nilifikiria nini? Tangu kisu cha kwanza hakukuwa na kitu kilichosimama. Na bado nilizunguka nalo jambo hilo kama mtu aliyeambiwa auze shamba ambalo halimei tena. Nilipomweleza mke wangu, alikuwa anachambua maharage. Hakuacha kuchambua.

"Mimi niliolewa na wewe," akasema. "Sikuolewa na hizo. Nenda wakatoe."

Wengine wangesema hayo ni maneno ya mapenzi, na labda ndivyo. Mimi yaliniuma. Nilitaka alie kidogo.

Aliyenipeleka hospitali ni rafiki yangu, seremala, mtu tuliyekua pamoja na kuoa mwaka mmoja. Alikuwa na gari dogo la kubebea mbao. Tulipita vizuizi vya wanajeshi, wakaangalia vitambulisho vyetu, na kila walipouliza tunakwenda wapi alijibu yeye: "Mgonjwa, afande." Alinisubiri. Alinirudisha nimelala nyuma juu ya godoro. Nilimwambia mwili wangu ulichofanyiwa kwa sababu aliniuliza, na kwa sababu ndugu yangu wa tumbo moja alikuwa ameshakufa, sikuwa na mwingine.

"Kwangu imeingia kaburini," akasema.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa na sifa moja mtaani nje ya kushona. Watu walinichukua niwasemee kwenye gusaba, siku ambayo upande wa mwanamume unakuja kuomba mke. Pande mbili zinakaa zikitazamana, kila upande una msemaji wake, na maneno ni ya kurushiana: kejeli, mafumbo, habari za ng'ombe wa mahari, hata kama siku hizi wengi hawaleti ng'ombe. Mimi nilikuwa hodari. Nilijua kumzungusha mtu mpaka akaomba msamaha kwa kosa ambalo hakulitenda, na watu wakacheka mpaka machozi.

Mwaka 1993 binti wa marehemu kaka yangu, niliyemlea mimi, aliposwa. Kijana alifanya kazi Bukoba na alitaka kuondoka naye. Nikasema nitamsemea mwenyewe. Mke wangu alinishonea nepi nene kuliko zote. Siku mbili kabla ya shughuli sikunywa maji ya kutosha kwa makusudi. Nikavaa koti la suti jeusi juu ya kanzu, nikakaa kwenye kiti cha mbele.

Upande wa pili, msemaji wao alikuwa yule rafiki yangu seremala. Walimwomba, naye akakubali. Hilo halikunishtua, ni jambo la kawaida. Nilifurahi hata. Nilijua tutachezeana vizuri.

Tulianza vizuri kweli. Nilimuuliza kama wamepotea njia, akasema wamefuata harufu ya nyumba njema. Watu wakacheka. Nikamuuliza habari za ng'ombe.

"Ng'ombe wenu ni mzima? Tusije tukaletewa mgonjwa."

Akanyanyuka, akarekebisha kofia yake.

"Mzima kabisa, mzee wangu. Hakukatwa kitu. Maksai tunaona mnaye tayari."

Kicheko kilianzia upande wao, kwa wanaume waliokaa nyuma yake. Kilianza haraka mno. Mtu hacheki hivyo kwa fumbo analolisikia mara ya kwanza. Kikavuka kuja upande wetu. Niliona mpwa wa mke wangu ameziba mdomo kwa mkono. Wote walikuwa wanajua, na walikuwa wanajua kwa muda.

Ilikuwa zamu yangu. Majibu yalikuwepo, manne au matano, na mengine yangemkalisha chini bila kofia. Nikafungua mdomo nimjibu. Nikasikia joto linapanda kutoka kifuani mpaka kichwani, lile joto la ghafla lililokuja na kisu cha pili, jasho likanichuruzika mbele ya watu wote, na chini nako kukaachia. Mjomba wa mke wangu akasimama taratibu. "Mzee wetu kachoka, naomba niendelee," akasema. Akaendelea, kwa maneno ya kawaida, kama anayesoma tangazo. Mimi nilikaa nimelowa mpaka mwisho kwa sababu kunyanyuka kungekuwa kubaya zaidi. Binti alitolewa, akanipigia magoti, nikamwekea mkono kichwani. Alinong'ona, "Baba, pole." Basi hata yeye alijua.

Rafiki yangu alikuja kwenye cherehani yangu baada ya siku chache. Hakuja kuomba radhi.

"Umeninunia? Ile ni desturi. Wewe mwenyewe umetukana watu wangapi kwenye viti vile?"

"Nilitukana uongo," nikamwambia. "Wewe umesema kweli."

"Ni mzaha tu."

"Toka."

Akatoka. Sikusema naye tena, ingawa nyumba zetu zilikuwa hatua chache na tulipishana kila siku bombani. Watu walikuja kutusuluhisha. Waliniambia mimi niliyeumizwa ndiye niliye na moyo mgumu.

Kisha ikaja Aprili ya mwaka 1994. Nilikuwa na miadi mwezi ule wa kupimwa damu. Yaliyotokea Kigali wanayasimulia wenye haki ya kuyasimulia, na mimi nilifichwa ndani na mke wangu muda mwingi wa siku zile. Daktari kijana aliuawa. Niliambiwa ni nyumbani kwake, na mkewe. Seremala aliondoka Julai na lile kundi kubwa lililovuka kwenda Zaire, akaacha mlango wake wazi na randa mezani. Sijui kama alikufa kambini au yuko hai. Kama yuko hai, bado sijamsamehe.

Vita vilipoisha nilikwenda hospitali. Sikuwa na faili, hakuna aliyekuwa na faili. Tulikaa kwenye benchi kwenye korido, na waliokuwa kushoto kwangu na kulia kwangu walikuwa watu wa kukatwa mapanga, wa kukanyaga mabomu, msichana asiye na mkono mmoja aliyekuwa akifukuza nzi kwa ule mwingine. Muuguzi alipita akiuliza kila mmoja anaumwa nini. Alipofika kwangu nilijitazama. Viungo vyangu vyote vilivyoonekana vilikuwepo. Msichana aligeuka kunitazama, naye alikuwa anasubiri jibu.

"Naumwa saratani," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya vita."

Muuguzi alinitazama usoni, kisha kwenye mwili mzima, kama anayetafuta mahali ilipo. Daktari mpya alikuwa amekulia Uganda, hakujua Kifaransa, tukaelewana kwa Kiswahili. Akaniuliza ni nani aliyekuwa akinitibu. Nikamtaja. Akaacha kuandika, akaniuliza kama mgongo unauma. Nikamwambia unauma. Akaniuliza unauma vipi, na kwa kweli sikuweza kumweleza, maana miaka ile mgongo wa nani Kigali haukuwa unauma. Hakuwa na mashine ya kupimia damu ile, na ile ya kupiga picha ya mgongo ilihitaji umeme. Akanipa dawa za maumivu kwenye karatasi iliyokunjwa na kunitaka nirudi umeme utakaporejea.