Ulisema Nini Mule Ndani?

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, ingawa siku hiyo mimi nilikuwa mgawa chakula tu. Ni siku kaka yangu Dieudonné alipotetea kazi yake ya mwisho ya Kiingereza chuoni, hapa hapa Bunia. Nakusimulia kwa sababu nimesikia umejiandikisha kusoma Kiingereza chuoni, na wenzako wanakusifu. Mimi sijakusifu bado. Ukisikiliza mpaka mwisho, nitakubariki.

Unajua defansi zetu zilivyo. Mwanafunzi anasimama mbele ya walimu wake, anasema Kiingereza, anaulizwa kwa Kiingereza, na nyuma yake wameketi ndugu zake waliovaa vitenge vya kufanana, wasioelewa neno hata moja. Wakiona walimu wanatabasamu, nao wanatabasamu. Mwisho wanapiga vigelegele, wanammwagia mtoto wao poda nyeupe kichwani, kisha wanakwenda nyumbani kula. Ndivyo tulivyofanya sisi. Mama alikuwa amepika sombe ya majani ya muhogo, ndizi za makemba na samaki wa Mahagi-Port.

Miongoni mwa wageni alikuwepo babu yetu, tuliyemwita Koko, mfugaji wa upande wa Nyankunde. Ng'ombe wake ndio waliomsomesha kaka. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, nimekaa nyumbani nangoja neno lake: nitakwenda chuo, au nitatafutiwa mume? Alikuwa ameahidi kujibu siku hiyo hiyo, baada ya chakula. Niligawa fufu, ule ugali wetu, nikianza na sahani yake.

Koko alinawa, akamtazama kaka, ambaye bado alikuwa na poda kwenye nyusi.

"Mutoto, tulikaa pale tangu asubui. Sasa utuambie na siye. Ulisema nini mule ndani?"

Kaka alicheka kidogo. "Koko, ile ni mambo ya masomo. Kuieleza mu Kiswahili iko nguvu, inanishinda."

"Eleza tu kidogo."

Alijaribu, namtolea ushahidi. Alianza na Kifaransa, akarukia Kiingereza, akarudi kwenye Kifaransa, na kila alipofika kwenye Kiswahili alikwama. Koko akamgeukia mama.

"Na weye, mama yake, ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu, baba. Lakini niliona ule mwalimu wa miwani anamukaripia, na mutoto hakuogopa."

"Ile hata kuchunga ng'ombe inafundisha," alisema Koko. Ndipo akalitoa lile neno nililokuwa nikilingoja. "Huyu dada yake, angojee kwanza."

Watu waliitikia, wakaniambia subira huvuta heri. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Koko sikumchukia. Nilimchukia kaka, aliyekaa chuoni miaka yote ile akashindwa kumpa Koko sentensi moja ya kuniokoa.

Bahati nzuri Koko hakuondoka upesi. Alikuwa na mgonjwa wa kumwangalia mjini. Kesho yake nilikuwa natwanga sombe, kaka akaja kuketi karibu, amenyong'onyea. Nikamwambia, "Yaya, mukubwa wangu, uniambie mimi. Nikikosa kusikia maana, nitakusimamisha."

Nilimsimamisha sana. Alipotaja majina ya wataalamu nilimsimamisha, na alipokasirika niliongeza kutwanga. Kuuliza si ujinga, mwanangu, lakini ukitaka kumwuliza msomi, afadhali uwe na mchi mkononi. Mama naye akavuta kiti. Polepole jambo likatoka, na kumbe halikuwa gumu: kaka alikuwa amechunguza namna watu wanavyokataa, Waingereza hivi na sisi vile. Sokoni kwetu ukiomba kitu kwa bei ambayo mwenye mali haitaki, hakwambii hapana, anakwambia urudi kesho. Wakwe wasiokutaka hawakufukuzi, wanasema bado wanaongea. Mama alicheka, akaanza kumpa mifano ambayo hata chuoni hawakuwa nayo. Kisha akaacha kucheka.

"Enda umuambie Koko vile vile," alisema.

Kaka alikwenda, nasi tukamfuata. Koko alikuwa uani akiota jua. Kaka alichuchumaa mbele yake, mikono mitupu.

"Koko, nilisema hivi mule ndani. Siye watu wa hapa, mutu akitaka kukatala, hasemi hapana. Anaogopa kuumiza mwenzake. Anasema tu: ngojea kwanza."

Mimi nilitazama chini kama ilivyompasa msichana, lakini nilisikia hata pumzi ya Koko.

"Sasa nimesikia," alisema baadaye. "Na haikunifurahisha." Akaomba maji, akanywa bila haraka. "Huyu mutoto wa kike, nilimukatala?"

"Ulimukatala, Koko."

Mzee alinitazama mimi, si kaka. "Basi aende," alisema.

Nilikwenda. Nilisoma Kiingereza kile kile, nikakifundisha mpaka nywele zikabadilika rangi. Nimeketi katika defansi nyingi tangu hapo, na nimewaona vijana wengi wakimwagiwa poda, mama zao wakirudi nyumbani bila kuambiwa kitu. Sijui ni wadogo zao wangapi walioambiwa wangoje. Nikiwaza hilo, naona uchungu hata leo.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Soma Kiingereza kwa bidii. Aru, kwenye mpaka wa Uganda, wanakitafuta, mashirika yanakitafuta, na usidanganywe kwamba simu inatosha kwa kuwa siku hizi inatafsiri; wazee walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Lakini kila unalojifunza, lipeleke jikoni kwenu kabla ya kulipeleka mbele ya walimu. Mwambie mama yako aliyekuzaa. Akikusimamisha, simama, usimkasirikie. Ukishindwa kumweleza, jua kwamba wewe mwenyewe hujaelewa, urudi ukasome tena. Na siku utakapokuwa unashangiliwa, mtazame anayegawa chakula, kwa maana huenda maisha yake yanangoja utakalosema.

Sasa nakubariki. Mungu akupe ulimi wa kufika nao mbali, na asikunyang'anye ule wa kurudi nao nyumbani. Wanaokutuma wakusikie, na wanaokufuata wapite. Amina.