Siku Niliyokabidhi Fimbo

Nilimchapa viboko vinne. Nianze hapo hapo, maana nikizungukazunguka nitaanza kujitetea, na kujitetea nimeshajitetea vya kutosha miaka yote hii, peke yangu, nikipima chumba kwa miguu huku chai inapoa mezani.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huko juu ya mji mdogo wa Suna, mahali mashamba ya Wajaluo yanapoishia na maboma ya Wakuria yanapoanzia, vilima vya Tanzania vikionekana kwa macho. Mimi ni mtu wa ziwani, upande wa Mbita. Nililelewa kwa samaki na Biblia, nikapelekwa chuo cha ualimu, na nikapewa shule nikiwa na miaka ishirini na saba. Ishirini na saba! Nilijiona nimefika. Nilivaa tai hata siku za kulima shamba la shule.

Darasa la saba lilikuwa na wanafunzi ishirini na wawili. Tisa kati yao walikuwa vijana wa Kikuria waliotahiriwa Desemba iliyotangulia. Usifikirie watoto wadogo. Siku zile watu walianza shule wakiwa wakubwa, na wawili katika hao tisa walikuwa wakinyoa ndevu. Hao tisa ndio waliokuwa wakiongoza darasa kwa hesabu. Novemba kulikuwa na mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na kwao hakukuwa na njia nyingine: ukipita unaitwa sekondari, ukikosa unarudi kwa ng'ombe wa baba yako, basi. Wazazi wao walikuwa wamekubali kwa shida sana kuwaacha shuleni mpaka mwaka huo, na hakuna aliyekuwa tayari kumwachia kijana wake mwaka mwingine.

Sasa viboko. Mmoja wa wale tisa alichelewa siku tatu mfululizo kwa sababu walikuwa wakihamisha mifugo. Siku ya tatu nikamwambia akafyeke nyasi nyuma ya vyoo pamoja na watoto wa darasa la pili. Akanitazama bila jeuri yoyote, akasema, "Hiyo kazi ni ya watoto, Mwalimu. Nipe nyingine." Mwalimu msaidizi wangu alikuwa amesimama karibu. Alikuwa Mkuria, amenizidi umri kwa miaka kumi na tano, na nusu ya shule ile ilikuwa imejifunza kusoma mikononi mwake. Akaja taratibu akaniambia, "Bwana Mwalimu, huyu niachie mimi. Nitazungumza naye."

"Kwani hapa mwalimu mkuu ni nani?" nikamuuliza, na nikauliza kwa sauti ya gwaride.

Nikamlaza yule kijana chini mbele ya shule nzima, wasichana na wadogo wote wakiangalia, nikampa vinne. Hakulia. Aliinuka, akapangusa vumbi kwenye kaptula, akachukua daftari zake, akatoka langoni akitembea tu, bila haraka. Wale wanane wakatoka kwenye mistari wakamfuata. Nilipiga kelele, nikapuliza filimbi, nikatishia kuwafukuza, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Ilikuwa Ijumaa, na zilikuwa zimebaki wiki nne kabla ya mtihani.

Niseme jambo nililolijua na lile nisilolijua. Nilijua Wakuria wanatahiri. Nani asiyejua? Sisi walimu wa kutoka ziwani tulilifanyia mzaha tukikutana Suna. Kile ambacho sikuwa nimejisumbua kuuliza ni kwamba kwao aliyetahiriwa ni mwanamume, na asiyetahiriwa ni mvulana, hata awe na mvi, hata awe na cheti na tai. Sisi Wajaluo hatutahiri; kwetu wazee walijulikana utu uzima kwa kung'olewa meno sita ya chini, na mimi, mtoto wa misheni, hata hayo sikung'olewa. Nilikuwa na meno yangu yote, na kila kitu kingine pia. Kwa hesabu yoyote ya watu wa pale, mvulana alikuwa amemlaza mwanamume chini na kumchapa mbele ya wanawake. Jioni ile habari iliingia kwenye maboma yote hivyo hivyo.

Jumatatu madawati yalikuwa matupu. Nilihesabu, nikatoka, nikarudi nikahesabu tena, sijui nilitegemea nini. Nilipanda baiskeli kwenda kwa chifu nikafika nusu ya njia nikageuza, kwa sababu chifu angetuma askari, na askari wangeleta vijana tisa waliokamatwa, na mtu aliyekamatwa haandiki mtihani. Nikaanza barua kwa ofisi ya elimu Homa Bay. Nikaichana. Ingesema nini? Kwamba nimepewa shule nikapoteza vichwa tisa kwa asubuhi moja? Nilikuwa siwezi kukaa. Nikifundisha nasikiliza lango. Mbuzi akipita nje nainua kichwa nikidhani ni wao.

Jumatano nikaenda mwenyewe nyumbani kwa yule kijana. Baba yake akanipokea vizuri kabisa, akanipa maziwa, tukazungumza mvua, tukazungumza bei ya chumvi, na kila nikifungua mdomo kutaja shule, anarudi kwenye mvua. Mwishowe akaniambia kwa Kiswahili chake cha moja kwa moja, "Mwalimu, hii maneno ni ya watu wazima. Mkubwa wako atakuja lini?"

"Mkubwa wangu yuko Homa Bay," nikasema.

"Hapana. Huyo wa shule yako."

Yawa! Nilisukuma baiskeli njia yote ya kurudi kwa sababu nilikuwa na hasira hata nikashindwa kuipanda. Nilimkuta msaidizi akigongelea mguu wa dawati. Sikumsalimu. Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Akatoa misumari mdomoni kwanza. "Nilikuambia. Ukaniuliza nani mkuu hapa."

Aliendelea kugonga mpaka msumari ukaingia wote, akaujaribu mguu wa dawati kwa mkono, akaridhika. Kisha akasema, "Kesho asubuhi twende wote. Lakini ukifika kule, ukae mahali utakapoambiwa ukae."

Wazee walikuwa wamekaa ndani ya zizi, karibu na mlango, ng'ombe wakiwa wamekwenda malishoni. Kati yao kulikuwa na chungu cha pombe ya wimbi na ile mirija yao mirefu. Mimi ni Mkristo wa kanisa lisilogusa pombe, na njiani nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kukataa bila kuudhi mtu. Hakuna aliyenikaribisha. Maneno yangu yakabaki mdomoni. Nilionyeshwa kigoda nje ya ua, upande wa ndama. Msaidizi akaingia, akasogezewa nafasi, akapewa mrija.

Ikawa hivi: mimi naongea na msaidizi, msaidizi anaongea na wazee, wazee wanamjibu msaidizi, msaidizi ananiambia. Na Kiswahili sote tulikijua! "Kijana wako anasema nini?" yule baba anauliza, mimi niko hatua tatu kutoka kwake namsikia. Mara mbili niliinuka niende zangu. Mara mbili msaidizi alinitazama tu, nikakaa. Sijawahi kukaa kwenye kiti kigumu namna ile maishani mwangu.

"Waambie mtihani haumngoji mtu," nikasema. "Waambie zimebaki wiki tatu, na mimi nawataka hao vijana darasani, siwataki kwa ajili yangu."

Hiyo ya mwisho haikuwa kweli yote, lakini ndivyo nilivyosema. Msaidizi akaigeuza kuwa maneno marefu mara nne ya yale niliyompa. Wazee wakacheka mahali fulani, wakanyamaza mahali fulani, mmoja akatikisa kichwa akinitazama kwa huruma. Baadaye nilimuuliza aliwaambia nini. "Yale yale yako," akasema. "Niliongeza salamu."

Jibu lilitoka kabla jua halijawa kali. Vijana watarudi. Lakini mimi nitaichukua ile fimbo kwa mkono wangu, nimkabidhi msaidizi mbele ya shule nzima, palepale nilipomlaza kijana wao, na mpaka mtihani uishe yeye ndiye atakayewaamuru. Mimi niwafundishe. Kufundisha hawakuona shida, mtu anaweza kufundishwa na yeyote. Kuamriwa ni jambo lingine.

Tuliporudi njiani nilimwambia msaidizi sifanyi. Nikamwambia serikali imenipa mimi shule ile, na serikali haina habari na zizi la mtu. Akasema, "Sawa." Tukatembea. Baada ya kama maili moja nikamuuliza kama hakuna namna nyingine. Akasema, "Wako tisa, Bwana Mwalimu."

Nilifanya. Ijumaa asubuhi, watoto wamepanga mistari, wale tisa wamesimama langoni hawajaingia, nikatembea na ile fimbo kutoka ofisini mpaka katikati ya uwanja. Nikampa msaidizi. Akaipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, nafikiri alitaka kunipunguzia. Watoto wa Kijaluo walikuwa wameachama midomo. Wale tisa wakaingia wakasimama kwenye mistari yao kana kwamba hawakuwahi kutoka.

Habari ikafika Suna kabla ya saa sita. Mchana akaja mwenyekiti wa kamati ya shule, mwenye duka, Mjaluo kama mimi, amepanda baiskeli mpaka shati limemganda mgongoni. "Umetuaibisha," akaniambia kwa lugha yetu. "Watoto wetu pia wanasoma hapa. Sasa tukiwa na neno tumwendee nani?"

"Wako tisa," nikamwambia.

"Na sisi tuko wangapi?"

Lilikuwa swali zuri. Nilimwambia aende akauze sukari.

Basi zile wiki tatu. Nilifundisha hesabu na Kiingereza kuanzia alfajiri, nikala nimesimama, nikasahihisha nikitembea. Vijana walikaa mbele yangu, wakaandika, wakauliza maswali, wakaniita Mwalimu. Nikitaka wahame darasa, nilitoka kumtafuta msaidizi awaambie wahame. Na yeye fimbo aliiweka juu ya kabati ofisini siku ile ile, hakuigusa tena. Hakupandisha sauti. Aliwaita wale tisa kando, akawapa kazi ya kuezeka upya darasa lililovuja, na kuwavusha wadogo mtoni maji yakijaa. Kazi za wanaume. Walizifanya huku wakiimba. Halafu akafanya ambalo mimi nisingethubutu: akachukua vijana wakubwa wa Kijaluo akawachanganya nao kwenye paa, mmoja huku mmoja kule, wapeane nyasi. Siku ya kwanza walirushiana maneno. Siku ya tatu nikawakuta wamekaa juu ya paa wanaulizana mafumbo ya hesabu. Hata mwenye duka alipopita Jumatano akasimama kuangalia, akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Nilitazama yote hayo dirishani. Nilichohisi kilikuwa wivu, wacha nikiite kwa jina lake. Hakukuwa na ofisi iliyomfundisha yule bwana kufanya vile. Alijua tu kila mtoto ametoka nyumba gani, na nyumba hiyo inamhesabu vipi. Mimi nilikuwa nimedhani mtoto akivuka lango la shule, hayo yote anayaacha nje pamoja na mbwa.

Wote tisa walifanya mtihani. Matokeo yalipotoka, saba walikuwa wamepita, na kati ya Wajaluo walipita wengi kuliko mwaka wowote uliotangulia pale. Yule niliyemchapa alipita vizuri kuliko wote. Alikuja kuniaga. Alinipa mkono, akasema ahsante kwa hesabu. Nikajikuta namwomba radhi, na yeye akasema ilishakwisha zizini.

Kisha nikaitwa Homa Bay. Afisa wa elimu alinipa kiti, akanimiminia chai mwenyewe. Dirisha lilikuwa wazi, upepo wa ziwa unapekua karatasi zake, na mimi nilikuwa najisikia nimerudi kwetu. Akanisifu. Alikuwa amesikia kwamba vijana walitoroka mtihani ukikaribia na wakarudi wote, kitu ambacho kule juu hakikuwa kikitokea. "Uliwarudishaje?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelibeba njia nzima kutoka Suna, refu, lenye zizi ndani yake na kigoda na ndama. Nikamtazama, nikasema, "Nidhamu, bwana."

Akafurahi. Akaniambia nimepewa shule kubwa hapo hapo Homa Bay, niripoti mwanzo wa muhula. Kisha akavuta karatasi nyingine, akachovya kalamu, akauliza, "Na kule, huyo msaidizi wako anaweza kuachiwa shule?"

Nilimwona akigonga misumari. Nilimwona amekaa ndani ya ule ua, na mimi nje. Nikasema, "Ni mtu mzuri. Lakini cheti chake ni cha daraja la chini, bwana."

Ilikuwa kweli. Kila neno. Afisa akaitikia kwa kichwa akaandika jina la mtu mwingine, kijana mwenzangu wa ziwani aliyekuwa amemaliza chuo juzi tu. Aliandika polepole, mwandiko mzuri, na mimi nikawa nakunywa chai. Angeniuliza mara ya pili nadhani ningemwambia ni nani aliyewarudisha wale vijana. Hakuuliza mara ya pili.